Spea mnalipa bila kelele, ufundi ndo mnalia

Leo sina rili ya mawimbi, wala ya kima akimnyang'anya mtalii mkate. Leo naongea kuhusu steringi ya mashine ya kukata nyasi. Ile kubwa ya kukalia, unayoiendesha kama trekta la mtoto. Najua nusu yenu mshaondoka. Mliobaki, kaeni vizuri.

Wiki mbili zilizopita niliposti klipu ya sekunde arobaini. Ndani yake ni mkono wa fundi mmoja, umejaa grisi, kidole kimelazwa juu ya kiungo cha chuma, na usukani unazungushwa polepole. Basi. Chini nikaandika kwamba ufundi wa kazi nzima ulikuwa shilingi 4,000. Komenti iliyobeba laiki kuliko zote ikasema: "Elfu nne ya kulala chini ya mashine? Hata mimi naweza lala." Nilicheka, siwezi kusema sikucheka. Lakini nimekaa nayo siku zote hizi na nimeona niijibu kwa urefu, maana si komenti ya mtu mmoja. Ndivyo tunavyofikiria karibu wote.

Mashine ni ya Mjomba wangu. Aliinunua mkono wa pili kwa mwenye nyumba mmoja wa Galu aliyekuwa anahama. Injini nzima, mkanda mzima, visu vinakata. Mjomba anatunza nyasi za nyumba saba kati ya Diani na Galu, na kabla ya kuwa na hii mashine alikuwa analipa vijana wanne wenye fyekeo. Masika ikishika huku nyasi hazina adabu. Ukichelewa siku chache msimamizi wa nyumba ashaanza kuulizia mtu mwingine, na mmoja alishamwambia wazi: Ijumaa ijayo usipokuja, usije tena. Hiyo nyumba moja ndo inalipa karo ya binamu yangu. Kwa hivyo msinione naandika habari za gia mkadhani ni mchezo.

Ingawa tatizo lenyewe mafundi wanaliita hivyo hivyo: mchezo. Steringi ina mchezo. Unazungusha usukani robo nzima ya duara na magurudumu ya mbele yametulia kama hayajaambiwa kitu, halafu yanageuka kwa ghafla. Kwenye uwanja mpana ni kero tu. Kando ya bwawa la kuogelea, umekalia chuma kizito na visu vinazunguka chini yako, hiyo si kero tena.

Ushauri ulikuja wa kila aina. Duka moja la Mombasa likasema gia peke yake ni 9,500, iagizwe, wiki nne au zaidi. Jirani akasema auze hiyo takataka. Jamaa mmoja wa gereji akaja na spana, akalegeza bolti mbili, akasogeza gia zikabanana, akakaza, akachukua 500 yake. Dakika kumi. Mchezo ukapotea kabisa! Mjomba akafurahi mpaka alipofika kona ya kwanza. Usukani ukakwama njiani, ikabidi auvute kwa mikono miwili kama anang'oa muhogo. Ukinyoosha, sawa. Ukikata kona, unakwama. Hapo ndo tukampeleka kwa huyu fundi wa Ukunda ambaye ameniomba nisimtaje jina wala nisimwonyeshe uso. "Mikono piga," akaniambia, "uso wangu wacha, nina madeni." Sijui alikuwa anatania.

Niseme kitu kuhusu mimi ili mwelewe kwa nini nilikodoa macho. Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo, pesa zikaisha, nikarudi nyumbani na simu yenye kamera nzuri. Kwenye daftari langu kuna ukurasa mzima kuhusu gia mbili zinavyoachiana nafasi kati ya meno. Nilichora, nikapiga hesabu, nikapata maksi. Lakini sikuwahi kuigusa hiyo nafasi kwa mkono. Na sitaki mtu aje achukue maneno haya kuwa ushahidi kwamba chuo hakina maana. Mimi ningekuwa na karo ningekuwa darasani saa hii. Nasema tu kwamba yule fundi alinionyesha ukurasa wangu kwa kidole.

Alianza bila spana. Akachomoa waya wa plagi ili injini isiwake kwa bahati mbaya, akatoa visu, tukainua sehemu ya mbele na kuiweka juu ya matofali ya mawe, si jeki, maana jeki kwenye mchanga huzama. Akalala chali chini. "Kijana, panda. Zungusha kidogo kushoto, kidogo kulia. Taratibu, usinikate vidole."

Nikawa nazungusha. Yeye anashika kiungo kimoja, analaza kidole katikati ya vyuma viwili vinavyokutana, anasubiri. Anahamia kingine. Kimya. Dakika ishirini za kimya, na mimi juu nazungusha usukani kama mtoto kwenye gari la maonyesho. Nilipouliza anatafuta nini akasema kwenye kiungo kizima vyuma viwili vinaondoka pamoja. Kwenye kilichokufa, kimoja kinatangulia na cha pili kinakuja nyuma, na kidole kinasikia hiyo pengo hata kama jicho halioni. Akanishusha, akanilaza pale pale, akanishikisha. Na kweli. Kiungo cha kwanza: kimya. Cha pili: tik. Kitu kidogo sana, kama moyo wa kuku. Hicho ndo mlichokiona kwenye klipu, mkasema analala.

Alianzia kwenye magurudumu akarudi nyuma kuelekea usukani, na hakusimama alipopata ugonjwa wa kwanza. Hilo ndo liliniingia. Mtu mwingine angepata kiungo kimoja kibovu, akakibadilisha, akasema maliza. Yeye alipata vinne. Misumari mikubwa ambayo magurudumu ya mbele yanageukia, matundu yake pande zote mbili yalikuwa yamekula mpaka yakawa mviringo wa yai. Kiungo kimoja cha fimbo inayounganisha magurudumu kilikuwa kikavu, kinatikisika. Gia ilikuwa imekwisha katikati. Na juu kabisa, pale nguzo ya usukani inapopita kwenye bodi, kulikuwa na bushi ya plastiki. Au niseme kulikuwa na kumbukumbu ya bushi. Imesagika, imebaki kama ukucha.

Sasa tulieni hapa, hapa ndo pana utamu. Steringi ya mashine hizi ni rahisi. Nguzo ya usukani inashuka, mwisho wake ina gia ndogo. Hiyo gia ndogo inaumana na gia kubwa bapa yenye umbo la kipande cha pizza, meno yako upande wa ukoko. Ukizungusha usukani, pizza inaenda kushoto au kulia, inavuta fimbo, magurudumu yanageuka. Basi, hakuna siri.

Mkata nyasi muda mwingi anaenda mbele moja kwa moja, anarekebisha kidogo huku, kidogo kule. Kwa hivyo ni meno yale yale matatu manne ya katikati yanayofanya kazi mwaka mzima, na meno ya pembeni yanakaa tu, mapya. Meno ya katikati ya ile pizza yalikuwa yamechongoka kama ya papa. Ya pembeni, safi kabisa. Sasa yule jamaa wa 500 alipobananisha gia, alizibananisha katikati, mahali zilipokwisha. Mashine ikienda mbele, raha. Ukikata kona, meno mazima yanafika, yanakosa nafasi, yanakwama. Hakuwa mwongo, alirekebisha kile alichokiona. Ila hakutafuta.

Na hata hiyo gia si ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ni ile bushi ya plastiki. Bushi ikiisha, nguzo inapata nafasi ya kuinama. Kila ukivuta usukani kwa nguvu, nguzo inakwepa, gia ndogo inajitenga na kubwa, meno yanashikana kwa ncha badala ya kuumana mpaka ndani. Ncha zinakatika. Ongeza mchanga wetu wa Diani, ule mweupe mnaopigia picha, ukiingia kwenye grisi unakuwa msasa. Ongeza hewa ya chumvi. Kwa hivyo kama Mjomba angeagiza ile gia ya 9,500, akasubiri mwezi, akaifunga juu ya nguzo inayoyumba, gia mpya ingeanza kuliwa siku hiyo hiyo. Na wala asingelalamika kuhusu bei! Spea ni kitu, kina boksi, kina plastiki ya kufungua. Angelipa, angepiga na picha.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Fundi alinituma kwa mwenye leithi na nguzo mkononi, akachonga bushi ya shaba kutoka kipande chakavu kilichokuwa pale, akatoboa tundu dogo la kupitishia grisi. Nailoni ingekuwa rahisi zaidi, lakini fundi hakuitaka, alisema mchanga unajichoma ndani ya nailoni unabaki humo, kisha unaikata nguzo. Matundu ya mbele yakapanuliwa yakawa duara tena, yakavishwa bushi za chuma, zikawekewa nipo za grisi ambazo kiwanda hakikuziweka. Ile gia kubwa akaijazia kwa weldi, jino kwa jino, moto mdogo, anasubiri ipoe kabla ya kugusa linalofuata ili bamba lisipinde. Halafu akakata kipande cha boksi la maziwa kwa kufuata umbo la jino zima la pembeni, akakitumia kama kipimo, akapiga tupa. Anapiga, anaweka karatasi, anaangalia kwenye mwanga, anapiga tena. Jino moja karibu nusu saa. Gia ndogo hakuijazia. Aliizungusha tu nusu duara kabla ya kuirudisha, meno yaliyokuwa yanalala yakaja katikati, akahamisha usukani ukae sawa. Hiyo nusu duara ilinifurahisha kuliko kila kitu. Haina gharama yoyote. Ni kujua tu.

Mwisho akapima magurudumu kwa futi, mbele na nyuma, mpaka mbele ikawa nyembamba kwa milimita chache, la sivyo mashine inayumba hata ikiwa nzima. Akaniuliza kama nimeona gurudumu la ndani linakata kona zaidi kuliko la nje. Nilikuwa nimeona. Hii niliijua toka darasani, nikamwambia inaitwa steringi ya Ackermann. Akasema yeye hana jina nayo, anajua tu kwamba usipoiacha hivyo gurudumu moja linakwaruza nyasi na mwenye nyumba analalamika.

Nikarudi nyumbani nikaisoma tena hiyo habari, na jamani. Rudolph Ackermann hakuibuni. Aliyeibuni alikuwa fundi wa magari ya farasi huko Munich, Ujerumani, anaitwa Georg Lankensperger. Ackermann alikuwa mwakilishi wake Uingereza, mchapishaji wa vitabu na picha, na ndiye aliyeisajili hataza London mwaka 1818. Miaka mia mbili na ushee baadaye kila mwanafunzi wa uhandisi, nami nikiwemo, anakariri Ackermann. Jina lililobaki ni la aliyeenda na karatasi ofisini.

Niliwaza hivyo nikiangalia simu yangu. Klipu ya mikono ya fundi iko kwenye ukurasa wangu, ina jina langu. Mnaona tunakoelekea.

Bili ikawa hivi: leithi na shaba 1,800, weldi na grisi na vitu vidogo 600, ufundi 4,000. Jumla 6,400. Mjomba, ambaye nampenda na atasoma hii, hakusema neno kwa 1,800. Hakusema neno kwa 600. Kwa 4,000 akashika kiuno. "Fundi, siku ya kwanza si ulikuwa umelala tu?" Fundi akafuta mikono, akasema, "Bwana, ungenilipa nisilale, ungekuwa umeshanunua gia." Wakavutana, kiheshima, vile wazee wa huku wanavyovutana, kwa shikamoo na chai ya kaimati katikati. Mjomba akalipa yote mwishowe. Lakini alilipa kama anayetoa sadaka, na hapo ndo shida yangu ilipo.

Kwa sababu hii si tabia ya Mjomba peke yake. Mtu anapeleka simu ikarekebishwe, skrini ya 3,500 sawa, ufundi 500 "punguza basi ndugu yangu". Dada anasukwa saa sita, nywele za dukani hazina mjadala, mikono ya msusi ndo ina mjadala. Mimi mwenyewe napigiwa simu na hoteli nije nishuti, wanauliza kamera gani ninayo kabla ya kuuliza najua nini. Tunalipia kinachoonekana kwenye mfuko. Kilichoko kichwani na kwenye ncha ya kidole tunakiita bure kwa sababu hakipungui akikitumia. Kwani hakijamgharimu kukipata? Yule fundi alianza kushika tochi gerejini akiwa mtoto.

Kuna upande mwingine ambao mashabiki wa jua kali hamuupendi. Hoteli za ufuo huu zina mashine hizi, uwanja wa gofu upo, nyumba za kifahari zimejaa kuanzia Diani mpaka Kinondo. Kazi ipo. Lakini huyu fundi hapiti geti la mbele kwa sababu hana karatasi. Mashine za hoteli zinamfikia, sikatai, ila zinakuja zimepakiwa pikapu ya mtu mwenye kampuni na risiti, jioni, na mwenye kampuni ndiye anayeandika bili. Fundi anapewa chake mkononi. Amechukuliwa kilichomo kidoleni, karatasi ikaandikwa jina jingine. Lankensperger wa Ukunda.

Nilimwambia kuhusu mitihani ya ufundi ya NITA, gredi ya tatu mpaka ya kwanza, na ule mpango wa serikali wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, unaitwa RPL. Akasikiliza. Akauliza maswali mazuri: siku ngapi atafunga gereji, na nani anamlipa hizo siku. Pia akauliza kama mtahini atalala chini ya mashine au atauliza maswali kwenye meza. Sikuwa na haraka ya kumsukuma. Mimi kijana niliyetoka chuo bila cheti kwenda kumhubiria mzee kuhusu cheti, ingekuwa sinema. Lakini bado nadhani aende. Ufundi wake hautaongezeka. Geti ndo litafunguka.

Wakati huo huo kuna kitu kidogo ninachokiweza bila serikali. Nilimtengenezea kitabu cha risiti, nikakichapisha Ukunda pale kwa vijana wa saiba, nakala mbili mbili. Jina la gereji yake juu. Chini nikagawanya mistari: vifaa, leithi, kufunga. Na mstari wa kwanza kabisa, kabla ya vyote, nikauandika: kutafuta tatizo. Na kiasi chake pembeni, 1,000, kwa kazi ya kawaida. Alipouona alicheka sana, akasema watu watakimbia. Pia nimebadilisha maelezo ya ile klipu, nambari ya gereji iko juu kabisa, na kila ninachopata kwa video za kwake tunagawana nusu. Mpaka sasa nusu yake inatosha chai na mahamri, lakini imeandikwa.

Mashine ya Mjomba inafanya kazi. Imekata nyumba zote saba, na ile ya Ijumaa haikupotea. Mchezo uliobaki kwenye usukani ni kama upana wa vidole viwili, na fundi alisema usiondoe wote, steringi isiyo na nafasi hata kidogo inajila yenyewe. Grisi kwenye nipo kila wiki wakati wa mvua, futa ya zamani kwanza maana imebeba mchanga. Usioshe mashine kwa maji ya presha kwenye bushi. Na kila mwezi mtu apande azungushe, mwingine alaze kidole. Mjomba amenipa mimi kazi ya kidole.

Mteja wa kwanza wa risiti mpya alikuwa jamaa wa tuktuk ya Msambweni, inavuta upande mmoja. Akaisoma mpaka chini, akarudi juu, akauliza kama hiyo ya kutafuta inaweza kutolewa. Fundi akamwambia inaweza, akitafuta mwenyewe. Jamaa akaangalia tuktuk yake kwa muda. Akatoa simu, akauliza nambari ya M-Pesa.